Kama mzee anatunzwa vizuri, kisigino kitasema

Kila nikirudi Dar likizo kuna swali linanisubiri, na huwa linakuja baada ya pilau, watu wakishashiba. "Hivi ni kweli Wazungu wanatupa wazazi wao?" Muulizaji ni baba mdogo, na anauliza huku akijua fika kwamba ninachofanya Houston, Texas, yaani kuhudumia wazee, ni hichohicho mnachokiita kuosha vibibi. Sikasiriki. Ni kazi, inalipa kodi na inasomesha watoto wa watu, wakiwemo wa baba mdogo mwenyewe.

Jibu langu ni kwamba wapo wanaotupwa, na wapo wanaotunzwa vizuri kuliko wazee wengi ninaowafahamu Kinondoni. Ukitaka kujua huyu yuko kundi gani, usiulize watoto wake wanampenda kiasi gani. Kuna vitu vinavyoonekana, vinavyohesabika, na hata mtu asiyesomea uuguzi akielekezwa anaweza kuvikagua.

Marekani wana utaratibu wa nyota. Idara ya serikali inayosimamia bima za afya za Medicare (ya wazee) na Medicaid (ya wenye kipato kidogo) ilianza mwaka 2008 kuzipa nyumba za wazee nyota moja hadi tano, na yeyote mwenye simu anaweza kuziangalia kwenye tovuti ya Medicare. Nyota hizo zinatokana na mambo matatu: ripoti za wakaguzi, idadi ya wahudumu, na takwimu za afya za wakazi. Wengi huishia kwenye nyota ya jumla, na hapo ndipo wanapopigwa changa la macho. Kwenye ukaguzi, nyota tano hupewa asilimia 10 bora za jimbo husika, na asilimia 20 za mwisho hupata moja. Kwa hiyo nyumba ya Texas inashindanishwa na nyumba nyingine za Texas tu. Kama jimbo zima limelala, aliyejitahidi kuamka kidogo anapewa nyota. Tena takwimu za afya, kama vile wangapi wameanguka wakaumia au wangapi wanapewa dawa za kuwatuliza akili, kwa sehemu kubwa zinajazwa na nyumba yenyewe.

Mimi huamini zaidi hesabu ya wahudumu. Tangu 2016 nyumba zinatakiwa kuipelekea serikali saa za wafanyakazi moja kwa moja kutoka kwenye orodha ya mishahara, na kudanganya hapo ni kazi ngumu. Tovuti inaonyesha saa za huduma ambazo kila mkazi anapata kwa siku, inazionyesha za wikiendi peke yake, na inaonyesha ni wafanyakazi wangapi waliacha kazi ndani ya mwaka. Mtanzania mwenzangu akinipigia simu kuhusu mzazi wa mkewe au jirani yake, namwambia aanzie kwa hao walioacha kazi. Mhudumu aliyemwogesha bibi mmoja mwaka mzima ndiye atakayegundua mguu umeanza kuvimba, au kwamba siku hizi chai inabaki nusu kikombe. Mgeni wa juzi hawezi kuligundua hilo hata akiwa na roho ya malaika.

Mwaka 2024 serikali ya Biden ilitoa kanuni kwamba kila mkazi apate saa zisizopungua 3.48 za huduma kwa siku. Wenye nyumba wakaenda mahakamani, na mwaka 2025 jaji wa shirikisho wa hukohuko kwetu Texas akaibatilisha. Ndiyo maana nasema hesabu mwenyewe, usingoje serikali ikuhesabie.

Na kuhesabu si kazi ngumu. Sheria inailazimu kila nyumba kubandika kila siku karatasi inayoonyesha wauguzi na wahudumu wangapi wako kazini kwa kila zamu. Ripoti ya ukaguzi wa mwisho nayo inatakiwa iwekwe mahali ambapo mgeni ataifikia bila kumwomba mtu. Ukiambiwa meneja ndiye mwenye ufunguo wa kabati, umeshapata jibu la kwanza. Nenda Jumapili, saa ya chakula cha jioni, maana Jumanne asubuhi kila nyumba ina mameneja na maua mapya. Angalia sinia zinazorudishwa jikoni, zimeliwa au zimeguswa tu? Angalia taa zilizo juu ya milango ya vyumba. Mzee akibonyeza kengele taa inawaka, nawe simama hapo ukutani uone itazimwa baada ya muda gani. Muulize mhudumu yeyote kwa upole, "Leo una wangapi?" Atakujibu, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Mchana, ukisikia wanane au tisa, pumua. Ukisikia kumi na tano, ujue kuna watu humo ndani hawakuswakishwa leo.

Harufu nayo watu huitafsiri vibaya. Harufu ya mkojo kwenye mlango mmoja haina neno, kuna mtu amejilowesha sasa hivi na anakwenda kubadilishwa. Ikitanda korido nzima, imeingia kwenye zulia na viti, hiyo ni ya miezi. Na nyumba inayonukia manukato makali kuliko saluni ya Sinza siku ya Ijumaa, ninaiogopa vilevile.

Lakini kinachonipa jibu haraka kuliko vyote ni kisigino. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani huanza kuoza pale mfupa unapokaribiana na godoro: mwisho wa mgongo juu ya makalio, kwenye nyonga, na kwenye visigino. Mwili unakandamizwa, damu haipiti, nyama inakufa kuanzia ndani. Kawaida ya kazi yetu ni kumgeuza mtu kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Vitabu vya mafunzo vinasema dalili ya kwanza ni ngozi kuwa nyekundu. Nyekundu kwa nani? Ngozi yetu sisi haiwi nyekundu. Inakuwa nyeusi zaidi, au ya zambarau, inakuwa na joto au baridi kuliko ngozi ya jirani yake, inakuwa ngumu au inabonyea. Kwa mtu mweusi inabidi uguse. Nimewaona wahudumu wazuri tu, wenye vyeti vyao, wakimpita bibi mweusi kwa sababu walikuwa wanatafuta wekundu.

Sasa tuje Kinondoni.

Shangazi alipigwa kiharusi, upande wa kulia hauna kazi. Anaishi kwenye chumba cha nyuma, wanawe mmoja yuko Mbezi, mwingine Dodoma, mwingine Muscat, na hela zinatumwa kweli, simlaumu mtu. Nilimwamkia, tukazungumza, nikamwomba ruhusa ya kumtazama miguu. "Tazama mwanangu, si ndiyo kazi yako," akasema, na akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisigino cha kulia kilikuwa na doa jeusi, la moto, linabonyea kama embe lililoanza kuiva kupita kiasi. Chini ya makalio walikuwa wamemwekea mpira wa tairi uliojazwa upepo, kama tulivyoona wakubwa wetu wakifanya. Mpira ule unaibana ngozi pande zote na kuzuia damu, watu wa hospitali wameshaacha kuutumia. Na pale penye doa walikuwa wanapasugua kwa mafuta ya nazi kila jioni, kwa mapenzi kabisa, nayo ni kuumiza nyama ambayo tayari imechoka.

Midomo yake ilikuwa mikavu, mkojo rangi ya chai ya rangi. Nikamuuliza dada wa kazi anampa maji kiasi gani. Aliangalia mlangoni kwanza.

"Dada, nikimpa maji mengi jioni, usiku analowa mara tatu. Na mimi niko mwenyewe. Tena pampasi wameniambia ni mbili kwa siku."

Ukitaka ukaguzi wa nyumba, ripoti yote iko kwenye maneno hayo. Binti huyo anapika, anafua, anawaandaa wajukuu kwenda shule, kisha anamtunza mgonjwa saa ishirini na nne, siku saba. Anampenda shangazi, nilimwona akimchana nywele taratibu sana. Ila mapenzi hayamwongezei mikono. Kule Texas, nyumba yenye mtu mmoja bila zamu ya kumpokea isingeruhusiwa, na wakaguzi wa jimbo huja bila taarifa.

Tulikaa kikao cha familia, wengine wakiwa kwenye simu. Baba mdogo alinikata mapema. "Sasa unatuletea ukaguzi wa Wazungu ndani ya nyumba yetu? Mimi dada yangu simpeleki kokote." Hakuna aliyetaja kumpeleka kokote. Makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni ni ya wazee wasio na watu wa kuwatunza, na shangazi watu anao. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema hivyo, kwamba familia ndiyo mtunzaji wa kwanza na makazi ni hatua ya mwisho. Nilimwambia, sawa baba, nimekubali, sisi ndio nyumba ya wazee. Basi tuendeshwe kama nyumba ya wazee. Zamu ya usiku ana nani?

Kimya. Kisha kila mtu akaanza kuongea kuhusu bei ya pampasi Kariakoo.

Yaliyofanyika ni machache na ya bei nafuu. Mto umewekwa chini ya kigimbi cha mguu, kwa urefu, ili kisigino kisiguse godoro kabisa. Mpira wa tairi umerudi kwa fundi. Anakula akiwa amekalishwa wima, kwa sababu baada ya kiharusi koo huwa halifungi vizuri na chakula kinaweza kuingia mapafuni, na hatulazwi mara moja baada ya kula, "hatulazwi" ni neno lake mwenyewe, anasema kama vile na mimi ni mgonjwa. Kumpima uzito kwenye mzani hatuwezi, basi tunapima mkono wa juu kwa utepe, vile wanavyopimwa watoto kliniki, na namba inaandikwa. Lipo daftari la kurasa mia: amegeuzwa saa ngapi, vikombe vingapi vya maji, mkojo rangi gani, amekula nini akabakiza nini. Doa tumeonyesha kwa muuguzi, ngozi haijapasuka bado.

Binti wa Muscat amekubali kumlipa mama mmoja jirani alale pale usiku, ili dada wa kazi alale. Mimi nachangia, ila nimeweka sharti: ukurasa wa daftari upigwe picha kila jioni uwekwe kwenye kundi la WhatsApp la familia, kila mtu auone, hata kama siku hiyo hakuna habari njema. Kuna walionuna. Eti tunamfanya mama faili. Wa Dodoma alijitoa kwenye kundi usiku uleule, akarudi asubuhi, na kitu cha kwanza alichoandika kilikuwa: "Pampasi anavaa saizi gani?"