Wifi aliponiuliza kama nina damu

Ilikua 2013, giza la mwezi, na giza ndo msimu wenyewe wa dagaa maana mwezi ukiwaka hawafuati taa. Kaka yangu alitoka jioni na wenzake watatu na karabai zao, usiku ukapiga upepo mpaka mabati yakawa yanalia. Asubuhi saa moja pale mwaloni Kirumba, Mwanza, mitumbwi ya wenzao imesharudi, wa kwao haupo.

Wifi yangu nilimkuta kakaa chini karibu na chanja za dagaa analia. Mi nikaanza kazi. Nikamuuliza mwenye mtumbwi walibeba lita ngapi za petroli, nani aliona taa yao mwisho, upande gani, na kwa vile upepo wa usiku unatoka nchi kavu kwenda ziwani nikampigia binamu yetu Ukerewe azungukie ufukweni. Ndo nilivyo, hata msiba wa baba mi ndo nilishika daftari la michango, machozi yalikuja baada ya wiki nikiwa peke yangu nafua.

Wifi akasimama, kwa sauti watu wote wakasikia: "We wifi una damu kweli? Ndugu yako yuko majini we unahesabu petroli?"

Iliniuma sana. Nilitaka kumjibu kwamba hiyo petroli ndo itatuambia wamefika wapi, lakini nikaona midomo inamtetemeka, nikakumbuka mama yake mdogo alibaki majini meli ya MV Bukoba ilipozama 1996, na mi toka nimefika hata kumsalimia sijamsalimia. Nikatandika kitenge nikakaa, nikamshika mkono.

"Wifi, na mimi naogopa. Tumbo linanikata toka alfajiri. Nauliza uliza hivi kwa sababu nikinyamaza ntaanguka."

Akaniegemea. Simu niliendelea kupiga, sauti ile ile ya chini, ila kila jibu namwambia yeye kwanza, na baadae akawa ananikumbusha yeye nani hatujampigia.

Saa tano binamu akapiga. Mashine iligoma, upepo ukawasukuma mpaka kule, wote wanne wazima. Wifi alinibana mkono kucha zikaacha alama, akakaa kimya muda mrefu, halafu akafuta uso na kanga akauliza, "Sasa kuwafata zinatosha lita ngapi?"