Uasidi wa Mawese ya Shangazi

Msimu niliomaliza kidato cha nne, shangazi yangu wa Mwandiga alipeleka kwa mnunuzi mmoja wa Kigoma mjini madumu ya mawese mekundu, yasiyo na harufu mbaya, na mtaalamu wa mnunuzi huyo akayakataa kwa sababu moja tu: uasidi wake ulikuwa umezidi. Shangazi alichovya kidole, akalamba, akauliza kwa upole, "Mwanangu, uchachu uko wapi hapa?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Hata mimi shuleni nilifundishwa kuutambua uasidi kwa limau, siki na karatasi ya litmasi, na kuupima kwa kipimo cha pH alichokibuni Søren Sørensen huko Copenhagen mwaka 1909, ambapo 7 ni katikati, limau liko karibu na 2, na maji ya Ziwa Tanganyika, yenye asili ya magadi, yanakaribia 9. Kipimo hicho ni cha vitu vilivyomo majini. Kwenye mafuta hakifai.

"Mama, huu haulambiki," alijibu yule mtaalamu kijana, akatuita mezani. Alichukua mawese machache mno, ili wekundu wake usifiche rangi nyingine, akayayeyusha katika spiriti ya moto na kutia matone ya fenolfthaleini, dawa inayogeuka waridi asidi ikiisha, kisha akadondosha haidroksaidi ya sodiamu, yaani kostiki soda, kutoka kwenye bureti, mrija wa kioo wenye alama za kipimo, huku akitikisa chupa. Rangi ya waridi ilitokea ikapotea, ikatokea tena ikapotea. Ilipokaa bila kufifia alisoma bureti, akapiga hesabu ya asidi zilizo huru kwa kutumia asidi ya palmitiki, mojawapo ya asidi kuu za mawese. Jibu lilivuka asilimia 5, kiwango alichowekewa na mwajiri wake.

Kisha akauliza mikungu ya chikichi ililala siku ngapi kabla ya kuchemshwa. Hapo ndipo nilipoelewa. Ndani ya mafuta, asidi zimefungwa kwenye gliseroli, kiini kinachozishika pamoja, na hazina neno; lakini chikichi likichubuka au likichelewa, kimeng'enya kilichomo katika nyama ya tunda huvikata vifungo hivyo na asidi hubaki huru. Moto wa kuchemshia ndio unaokikomesha. Shangazi alikuwa amerundika mikungu na kuifunika majani, kama wafanyavyo wengi ili chikichi zipukuchuke kwa urahisi, halafu akasubiri zamu ya mashine ya kukamulia, ambayo ilikawia sana. Naamini mpaka leo kwamba kipimo kile kilistahili kuwekwa penye mashine, mahali ambapo foleni ndiyo inayozalisha uasidi, wala si langoni kwa mnunuzi, ambapo mkulima huambiwa hasara asiyoweza tena kuizuia.

Madumu yale yalinunuliwa na akina mama watengeneza sabuni, kwa bei ya chini. Kwao uasidi haukuwa kasoro, kwa kuwa asidi zilizo huru hushikana na kostiki soda upesi kuliko mafuta yenyewe.