Kifundo cha mkono mbele ya kamera

Nilipoanza kukagua usalama katika kiwanda cha nguo, nilikadiria mkunjo wa kifundo cha mkono kwa jicho tu, huku fundi wa cherehani akisukuma kitambaa upesi kuliko nilivyoweza kuandika. Siku hizi ninarekodi video kwa ridhaa yake, kisha programu ya akili unde, kama MediaPipe ya Google, hutambua nukta 21 katika kila mkono. Nikiongeza nukta ya kiwiko, ninapata pembe ya kifundo picha baada ya picha. Pembe hizo ninazilinganisha na RULA, mbinu ya kukadiria hatari ya mikao ya mwili kazini iliyochapishwa na watafiti McAtamney na Corlett mwaka 1993, ambayo huupa mkunjo unaozidi nyuzi 15 alama ya juu zaidi, yaani ya hatari zaidi, na kuongeza nyingine kiganja kinapopinda upande.

Hata hivyo, kamera haioni nguvu. Mkono unaobana mkasi butu huweza kuonekana umetulia kabisa, ilhali ndani ya kifundo, katika njia nyembamba ambamo kano na neva hupita pamoja, shinikizo linaongezeka. Kwa hiyo bado ninaketi na fundi na kumuuliza ni vidole vipi vinavyokufa ganzi usiku.