Siku Moja Maishani Mwangu: Jumanne ya Kulipa Deni la Jumapili

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana imenikuta macho, mwili mzito kana kwamba sikulala. Jumapili, kwenye harusi ya mpwa wangu hapa Wete, nilibeba ndoo tatu za maji kutoka mferejini. Jana nilikuwa mzima, nikajidanganya kuwa nimesalimika. Nina ugonjwa wa uchovu sugu (ME/CFS), nao haulipizi kazi papo hapo: aghalabu husubiri muda wa saa 12 hadi 48, na ukishalipiza, unyonge huweza kukaa siku kadhaa, hata wiki.

Saa mbili asubuhi, kidato cha pili. Ninafundisha nimekaa, kwa kuwa nikisimama moyo hunienda mbio. Mwanafunzi ndiye anayeniandikia ubaoni. Katikati ya somo nililitafuta neno ambalo nimelifundisha miaka tisa, lisije. Darasa likanyamaza, mpaka msichana wa dawati la mbele akasema kwa upole, "Kiambishi, Mwalimu."

Saa nne, wakati wa chai, mwenzangu akaniambia, "Dada, ungetembea jioni ungepata nguvu." Ananitakia heri, lakini nimeshayajaribu. Daktari mmoja aliwahi kuniagiza nitembee kila siku na kuongeza dakika tano kila wiki. Wiki ya tatu sikuweza kuinua kitana hadi kichwani. Uingereza, mwongozo wa mwaka 2021 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, unakataza wagonjwa wa uchovu sugu kupewa mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba namna hiyo. Wanaodhani ni uvivu wangezingatia kipimo cha baiskeli kinachofanywa siku mbili mfululizo: mtu mwenye afya kwa kawaida hurudia kiwango kilekile cha nguvu, ilhali wagonjwa wengi siku ya pili hushuka.

Saa nane mchana nimejilaza chumbani, dirisha nimelifunga. Hapa ndipo watu wasiponielewa, maana mimi hupumzika kabla ya kuchoka. Nikingoja hadi nichoke, nimeshachelewa.

Alasiri nimesahihisha madaftari kumi na mawili kati ya arubaini na matatu, nikaacha.

Saa mbili usiku dada yangu alipiga simu kutoka Chake Chake, akitaka Alhamisi nikasaidie kupika kwenye fungate. Nikahesabu kwa vidole: nikikoroga masufuria Alhamisi, Jumamosi sinyanyuki. Nimemwambia nitakuja, ila aniwekee kiti na ungo, nitachambua mchele.