Changu kilikuwa mafuta yaliyokufa

Nilikuwa abiria wa kiti cha mbele, tunatoka zamu ya usiku hapa Leeds, barabara ina utelezi. Gari la mbele likasimama ghafla, tukaligonga. Huku Uingereza abiria anakaa kushoto kama nyumbani, kwa hiyo mkanda unashuka kutoka bega la kushoto na kukatiza titi la kushoto. Pakavilia damu. Pakawa zambarau, kisha kijani, kisha njano, pakaisha, nikasahau.

Baada ya kama miezi miwili, naoga, mkono wenye sabuni ukakuta kitu. Kigumu, ukubwa wa kokwa ya zambarau, hakiumi hata ukikibonyeza. Nilipoinua mkono mbele ya kioo nikaona ngozi ya juu yake imebonyea kidogo, kama donge la ugali lililoguswa na kidole gumba. Nilikaa kwenye ukingo wa bafu hadi maji yakapoa. Mama, aliyeko Tukuyu, sikumwambia. Nilimwambia kila kitu kingine wiki ile, hata bei ya nyanya.

Kliniki ya matiti walinifanyia vipimo vitatu siku moja. Daktari alipapasa kwanza, matiti yote mawili na makwapa. Ikafuata mamogramu, yaani eksirei ya titi, likabanwa kati ya vibao viwili, na ultrasaundi yenye jeli ya baridi. Mwisho, baada ya ganzi, sindano ya kuchukua vinyama vidogo, inayolia "ta!" kama stepla kubwa. Daktari hakunificha: uvimbe mgumu na ngozi iliyobonyea vinaweza kuwa saratani, vinaweza kuwa kitu kingine, na kwa macho tu yeye hawezi kuapa. Tusubiri kinyama kiseme.

Kikasema ni mafuta yaliyokufa. Titi sehemu yake kubwa ni mafuta. Likipigwa, au likifanyiwa upasuaji au matibabu ya mionzi, damu inaweza kukosa kufika sehemu fulani na chembe za mafuta zikafa. Mwili unajaribu kupaziba. Mara nyingine unajenga kovu gumu, mara nyingine mafuta yanamwagika na kuzungushiwa ukuta, pakawa na kifuko cha mafuta. Hakigeuki kuwa saratani. Changu kilisinyaa chenyewe kwa miezi, na leo lazima nikitafute ndipo nikipate.

Niliweka siri hiyo hadi mwaka huu, mdogo wangu anayesoma Mbeya, amepanga chumba Uyole, aliponitumia ujumbe wa sauti saa nane za usiku kwao. "Dada, shikamoo. Nina kitu kwenye titi, kinakimbia nikikigusa." Alikuwa ameshaenda duka la dawa, akapewa vidonge vya jipu. Wiki mbili amemeza, kitu kiko palepale. Hilo lilinikera. Jipu la titi huwapata zaidi wanaonyonyesha, tena linauma, linakuwa jekundu, lina joto. Yeye ana miaka 22, hana mtoto, hana maumivu.

Nikamwambia aende hospitali kubwa, nikamtumia nauli na pesa ya kipimo. Kwa umri wake walianza na ultrasaundi, kwa kuwa titi la msichana limeshonana na mamogramu haioni vizuri ndani yake. Wakamtoboa kwa sindano. Jibu: faibroadenoma, uvimbe wa nyama ya titi yenyewe, usio saratani, ambao huwapata sana wasichana na akina mama wa umri wa kuzaa. Unateleza chini ya kidole kwa sababu haujashikana na chochote. Hawakumkata. Arudi baada ya miezi sita, kikikua watakitoa.

Basi nikampigia mama, sasa nimsimulie yote mawili. Nilimweleza langu kwa mawese ya Kyela: unajua yanavyoganda kwenye chupa asubuhi ya Julai, ukitikisa hayatoki? Akacheka. Nikasema langu halikuwa baridi, lilikuwa kipigo, lakini fikiria donge kama lile. Akasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, kwa Mungu wake, mara tatu. Kisha akanyamaza. Nikasikia mvua kwenye bati.

"Mwanangu, basi na hili langu ni hayohayo mafuta. Niligongwa na ndoo mwaka juzi, hapa pembeni."

Mama ana miaka 61.

Natamani ningemwambia ndiyo. Lakini nilimkumbuka yule daktari. Titi halipati saratani kwa kugongwa, ila ukigongwa unapashika, na ukipashika ndipo unakuta kilichokuwepo zamani. Wangapi wamesema "niligongwa" wakakaa nyumbani nalo? Na kwa umri wake uvimbe mpya haufananishwi na wa binti wa miaka 22. Nikamuuliza kama chuchu imeingia ndani, kama inatoa damu, kama ana tezi kwapani. Akasema hajaangalia. Nikamwambia hata kama vyote hivyo havipo, bado aende, maana changu kuwa mafuta hakusemi lolote juu ya chake. Akasema chai inavunwa wiki hii. Nikasema mama, chai itavunwa na jirani.

Jana mdogo wangu amemsubiri pale Uyole, Coaster ya kwanza kutoka Tukuyu. Amenitumia picha: mama kwenye benchi, kitenge cha kijani, kadi ya hospitali kaishika kwa mikono miwili. Picha za titi zimepigwa, sindano imefanyika. Majibu tumeambiwa ni wiki ijayo.