Nilivyoomba kuongezewa muda wa kuwasilisha Fomu Namba 5

Kaka yangu alipofariki na kuacha watoto wawili walio chini ya miaka 18, kikao cha ukoo kilinipendekeza mimi, shangazi yao, niwe msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikaniteua. Sheria ilinipa miezi minne kuwasilisha Fomu Namba 5, yaani orodha ya mali na madeni yote ya marehemu. Mwezi wa tatu tangu niteuliwe uliisha, benki haijatoa taarifa ya salio, wala SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, haijathibitisha hisa za marehemu.

Ndugu mmoja aliniambia, "Dada, usijisumbue, mahakama haitakufuatilia." Ushauri huo unanikera hadi leo, maana msimamizi anayekaa kimya anaweza kuondolewa, na wanaoumia ni watoto. Mwingine alitaka nijaze kiwanja na pikipiki tu. Fomu ile hudai taarifa ya kweli na kamili. Nisingeweza kuitia saini ikiwa pungufu.

Hata hivyo, nami nilikosea. Nilikwenda masjala nikamweleza karani kwa mdomo, nikarudi nyumbani nikiamini kwamba nimekwisha kuomba. Wiki mbili baadaye nilikuta jalada halina hata neno moja langu, na zilikuwa zimebaki siku 11.

Usiku ule nilichora safu nne katika daftari: mali, ofisi inayohusika, tarehe niliyoomba taarifa na jibu nililopewa. Kulipokucha nilizunguka ofisi zote nikiwa na nakala mbili za kila barua ya kukumbushia. Moja niliiacha, nyingine niligongewa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Benki walisita, nami nikaketi kwenye benchi lao hadi saa nane mchana, mhuri ukagongwa. Ndipo nikaandika ombi la siku 60, nikitaja Kanuni ya 10 ya Kanuni za Usimamizi wa Mirathi za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971, inayoruhusu mahakama kuongeza muda, na nikaambatisha jedwali langu pamoja na nakala zote. Nauli na fotokopi hazikuzidi shilingi elfu thelathini hivi.

Hakimu alipitisha kidole kwenye mihuri, mmoja baada ya mwingine, kisha akawauliza wifi yangu na warithi wengine kama wana pingamizi. Hawakuwa nalo. Aliandika siku 60 kwenye jalada mbele yetu. Barua ya benki ilifika siku ya 38, na siku ya 41 niliwasilisha fomu ikiwa na kila shilingi ya wale watoto.