Almagro: Usiku Mmoja na Lope de Vega

Ukitoka Madrid kwenda Almagro unashuka kusini hadi nyanda za La Mancha. Tulipanda treni ya kasi mpaka Ciudad Real, tukamalizia kwa gari, mizabibu kila upande na joto la Julai likichoma kweli kweli. Tiketi za mchezo alizikata mapema mpwa wangu anayesoma Madrid, maana mwezi huo wapenzi wa jukwaa hufurika kwenye tamasha la tamthilia za kale ambalo mji huu mdogo huliandaa tangu 1978.

Tulifika mchana, wenyeji wamejifungia ndani kulikimbia jua. Kwenye uwanja mkuu, uliozungukwa na roshani ndefu za vioo zenye fremu za kijani, kuna mlango ambao mgeni angeupita bila kuutazama. Ndani yake ndimo ulimo ukumbi nilioufungia safari: Corral de Comedias, uliojengwa mwaka 1628 na kasisi Leonardo de Oviedo. Ni ua ulio wazi juu, jukwaa la mbao upande mmoja, roshani za ghorofa pande nyingine, na nguzo zilizopakwa rangi nyekundu ya udongo. Zamani wanaume wa kawaida walisimama uani, wanawake wakakaa roshani yao inayoelekeana na jukwaa, na wenye fedha wakakodi vyumba vya pembeni. Michezo ilichezwa mchana kwa mwanga wa jua. Kumbi za namna hii zilikuwa nyingi Uhispania, karibu zote zimetoweka. Huu ulikuja kutumika kama nyumba ya wageni, jukwaa likazibwa, likasahaulika hadi miaka ya 1950 lilipogunduliwa wakati wa ukarabati.

Usiku huo ilichezwa Fuenteovejuna, tamthilia ya Lope de Vega, mshairi wa jukwaa la Uhispania ya zamani, iliyochapishwa 1619, na sijui mahali panapoifaa kuliko hapo. Almagro palikuwa makao ya Shirika la Calatrava, wapiganaji wa dini waliomiliki ardhi na vijiji, na tamthilia yenyewe inaanzia Almagro, kamanda Fernán Gómez akingoja kuonana na mkuu wake. Kamanda huyo anakitawala kijiji cha Fuenteovejuna, upande wa Córdoba. Anawaandama wasichana, anawatandika wanaume, mpaka wanakijiji wanamuua. Uasi huo ulitokea kweli, mwaka 1476. Hakimu anapokuja kuwatesa watu kwa mamia, hata watoto wa miaka kumi, akidai jina la muuaji, jibu ni moja tu: Fuenteovejuna.

Waigizaji walikuwa vijana, wamevaa jinzi na fulana. Sina tatizo na hilo. Mshairi wa Kihispania Federico García Lorca alikwisha kulifanya miaka ya 1930, alipozunguka vijijini na La Barraca, kundi lake la wanafunzi: aliihamishia hadithi hii kwenye Uhispania ya siku zake, akaziondoa sehemu za mfalme na malkia. Nguo na zibadilike. Ushairi ndio ninaouombea usalama.

Maana Kihispania changu ni cha kuombea maji, na bado usiku ule nilishikwa barabara. Laurencia, msichana wa kijiji hicho, aliingia nywele zimetimka, ametoroka mikononi mwa kamanda, akawakuta wanaume wa kijiji wangali wanajadiliana. Akawashukia. Mpwa wangu aliniinamia sikioni: “Mjomba, hesabu mizani.” Nane. Mshororo unaofuata, nane tena. Irabu zile zile zilirudi mwisho wa kila mshororo wa pili mpaka hotuba ikaisha, kama kina cha bahari kinavyozifunga beti za utenzi mzima. Nimekua nikisikia tenzi zikighaniwa, na mwili wangu ulijua pumzi inakata wapi kabla maneno hayajatafsiriwa.

Lope hakubahatisha. Mwaka 1609 aliandika kwa ushairi jinsi tamthilia mpya inavyotungwa: masimulizi yaende kwa mizani hiyo nane, mwenye malalamiko apewe beti za mishororo kumi, anayesubiri apewe soneti, shairi la mishororo kumi na minne. Umbo la ubeti humwambia msikilizaji moyo wa mhusika uko wapi. Ndiyo sababu sikubaliani na waongozaji wanaowaamuru waigizaji waufiche ushairi, wauseme kama gumzo la mkahawani. Kampuni ya taifa ya tamthilia za kale, aliyoiasisi Adolfo Marsillach mwaka 1986, imefanya kazi kubwa ya kuwarudisha waigizaji kwenye usemaji wa beti. Mwaka 2012 Helena Pimenta aliiongoza La vida es sueño, tamthilia ya Calderón, mtunzi mwingine wa zama hizo, na nafasi ya Segismundo, mwanamfalme aliyefungwa mnarani, akampa mwanamke, Blanca Portillo. Kampuni inayothubutu hivyo inaonyesha kwamba mtu anaweza kuvunja mazoea ya jukwaa huku akiutunza ubeti.

Tulitoka usiku mkubwa, uwanja umejaa watu wanakula. Tuliagiza biringanya za Almagro, zile ndogo za siki, tukabishana. Mpwa wangu aliona Laurencia alipiga kelele mno. Mimi naona aliyekosewa vile ana haki ya kupasua paa, na bahati nzuri pale paa halipo. Kabla hatujanyanyuka tulikubaliana jambo: tutaitia hotuba ile katika Kiswahili, kwa vipande vya mizani nane, yeye akinisahihisha Kihispania na mimi nikitafuta vina. Mishororo minne ya kwanza tuliianza pale pale mezani.